Viraka Kumi na Kimoja vya Clover

Yadi ya Furtado na Wanawe
Tiverton, Rhode Island
14 Januari 1995

Mwalimu Peckham,

Naanza barua hii kwa woga. Mara ya mwisho kukuandikia ilikuwa insha ya darasa la tano, na ilirudi ikiwa na wino wako mwekundu mwingi kuliko wino wangu wa buluu. Natumaini binti yako anakutunza vizuri huko Ohio. Huku mto umeganda kingoni. Mke wangu Natália anasema mimi sina haja ya koti, tumbo langu litanifikisha Aprili.

Mashua yako, Clover, ameingia bandani salama. Nimemzunguka mara tatu nikiwa na kikombe cha kahawa, ambayo ndiyo njia yetu ya kitaalamu. Faibaglasi yake ni ngumu kama jiwe. Mwaka sitini na tano waundaji mashua walikuwa hawaiamini bado, wakaijaza nene. Kilichochoka ni ngozi ya juu, ile jelkoti. Ukipitisha kiganja unatoka mweupe kama mwokaji mikate. Kuna pia nyufa ndogo ndogo kama za sahani ya bibi.

Sasa uchague: rangi, au jelkoti mpya.

Jelkoti ni ngozi ile ile aliyozaliwa nayo. Ni nene. Ikikwaruzwa unaijaza, unaisugua, unaing'arisha, na hakuna atakayejua. Lakini ni kazi ya punda: ikipulizwa inakauka na vipele kama ganda la chungwa, halafu mtu, yaani mimi, anaisugua kwa msasa wiki nzima mpaka iwe laini. Rangi, ile ya makopo mawili unayoichanganya, ni nyembamba kama karatasi, lakini inang'aa siku ile ile kama meno ya mgombea ugavana, na itang'aa miaka kumi. Shida yake moja: ikigongwa, imegongwa. Kiraka chake utakiona toka ng'ambo ya mto.

Kwa mashua ya miaka thelathini inayokaa gatini nawe ukiwa ndani na kitabu chako, mimi ningepaka rangi.

Jambo moja la kuchekesha. Nimehesabu viraka kumi na kimoja, vingi upande wa kulia karibu na omo, kule mbele, vimezibwa kwa ustadi hata ilinibidi niwashe taa na kuilaza ubavuni ndipo nivione. Kumbe mumeo, mzee Horace, nahodha asiyewahi kukosea, alikuwa akiligonga gati na kuziba kabla hujaamka. Mungu amrehemu. Usiku wa leo namnywea glasi moja kwa heshima ya ujanja wake.

Mwanafunzi wako,
Gil

*

Dayton, Ohio
22 Januari 1995

Gilberto,

Barua yako imefika. Nimejizuia kuchukua kalamu nyekundu, lakini ujue nilijizuia.

Nataka jelkoti. Sitaki rangi. Sababu zangu ni zangu.

Kuhusu marehemu Horace, alikuwa na mambo yake, kama wanaume wote wa ukoo wa Peckham. Mwache apumzike.

Lydia hajui kwamba ninakuandikia. Anadhani bado ninafikiria la kufanya na mashua, na mimi namwacha adhani. Ni binti mwema, ila tangu nifike hapa ananikatia nyama kwenye sahani. Nina miaka sabini na miwili, Gilberto, nina meno yangu yote isipokuwa mawili. Kwa hiyo barua zako andika kwa jina langu, na bahasha iandikwe kwa mkono safi, si ule mwandiko wako wa zamani wa kucha za kuku.

Marcia Peckham

*

Dayton, Ohio
23 Januari 1995

Bwana Furtado,

Hatujaonana tangu mazishi ya baba. Mimi ni Lydia Kessler, binti wa Bi Peckham. Naandika bila mama kujua, na naomba ibaki hivyo.

Tafadhali paka Clover rangi. Nyeupe, ing'ae, mtu akiiona aipende. Mwezi wa Mei nataka iuzwe. Mama anasema yeye hukaa tu ndani yake gatini akisoma, na mimi nilikuwa namwamini. Lakini tangu Desemba yuko kwangu na naona mambo. Juzi alimimina kahawa kando ya kikombe, kwenye kitambaa, akaendelea kuzungumza kana kwamba kikombe kinajaa. Nikasema, "Mama, kahawa." Akasema, "Taa zako hafifu, Lydia." Saa nne asubuhi, dirisha wazi, theluji inawaka nje.

Sitaki simu ya kuniambia kwamba mama yangu ameokotwa mtoni. Mashua ikiwapo atapanda. Isipokuwapo, atanuna mwaka mmoja, kisha atanisamehe.

Lydia Kessler

*

Tiverton
30 Januari 1995

Bi Kessler,

Nimeipata. Mimi ni mtu mwoga, kwa hiyo nitakupa jibu la mwoga: baridi hii hairuhusu kitu. Rangi haishiki, jelkoti haigandi, na jiko langu la mafuta ya taa linapasha moto mita mbili tu, ambazo mbwa amezichukua. Kwa sasa nasugua ngozi ya zamani tu, na hiyo inahitajika kwa vyovyote. Kwa hiyo hadi siku hii bado sijamkosea mtu.

Uniwie radhi nikikuuliza swali la ajabu. Ile kahawa ilimwagika upande gani wa kikombe?

Gil Furtado

*

Dayton
6 Februari 1995

Bwana Furtado,

Kweli ni swali la ajabu. Kulia.

L. Kessler

*

Tiverton
11 Februari 1995

Mwalimu Peckham,

Barua hii nimeiandika mara nne. Natália amesoma ya tatu akasema, "Gil, unazunguka kama mbwa anayetaka kulala. Mwambie mama wa watu." Basi nakwambia.

Nilimsingizia marehemu. Nawe ukaniacha nimsingizie.

Nimesugua ubavu wote wa kulia. Jelkoti ina umri, kama meno ya farasi. Viraka saba ni vya zamani. Vimekuwa rangi ya mfupa sawasawa na mwili, na vimetawanyika pande zote mbili, kama ilivyo kwa mtu yeyote anayefunga mashua gatini miaka ishirini na tano. Hivyo sivisemi. Vinne vya mwisho ni nyeupe yenye ubuluu. Nilichukua kipande nikaenda nacho kwa Manny dukani.

"Manny, hii nyeupe ulianza kuiuza lini?"

"Tangu ile ya zamani ilipokoma. Masika ya tisini na mbili. Kwa nini, umechanganya vibaya tena?"

"Safari hii si mimi."

Horace tulimzika Novemba ya tisini. Mtu aliyezikwa mwaka tisini hanunui jelkoti ya tisini na mbili, hata akiwa Peckham.

Halafu kimoja kina mikunjo juu yake. Unajua kwamba jelkoti haikauki vizuri ikiguswa na hewa, inabaki inanata, ndiyo maana sisi tunaichanganya na nta. Asiye na nta huifunika kwa plastiki mpaka igande. Mikunjo ile ni ya mfuko wa mkate, Mwalimu. Sijawahi kumwona Horace Peckham akigusa mkate usio ndani ya sahani.

Kwa hiyo hukai gatini ukisoma. Unatoka, peke yako, na unarudi, na alfajiri unaziba. Mimi nakuvulia kofia. Kazi yako ni safi kuliko ya vijana wawili niliowahi kuwaajiri, na mmoja wao ni shemeji yangu.

Lakini vyote vinne viko kulia. Vyote karibu na omo. Na kila kimoja ni kikubwa kuliko kilichotangulia. Cha mwisho, cha vuli hii iliyopita, ni kama kiganja changu, na unaujua ukubwa wa kiganja changu, ulikichapa kwa rula.

Darasa la tano ulinikalisha nyuma kwa sababu nilikuwa mnene na niliwaziba wengine. Nilikuwa nanakili ubaoni, na kila siku maneno ya mwisho wa mstari nilikuwa nayakosea. Watoto walicheka. Sista wa parokiani alisema nina uvivu. Wewe ulichukua daftari langu, ukaliangalia, ukasema neno ambalo nimelibeba miaka arobaini na moja: "Makosa ya mtu yakikaa upande mmoja, huo si ujinga, ni macho." Wiki iliyofuata nilikuwa na miwani.

Mwalimu, jicho lako la kulia linaona?

Sijamwambia mtu. Sitapaka rangi wala jelkoti mpaka unijibu.

Gilberto

*

Tiverton
1 Machi 1995

Bi Kessler,

Naandika kuulizia tu kama mama hajambo. Nilimwandikia kuhusu mashua karibu wiki tatu zilizopita, na si kawaida yake kuacha barua bila kuisahihisha.

Hapana, sijaanza kupaka. Nimeshaisugua yote, imekaa bandani uchi, ya kijivu, ikingoja. Najua ulichoniomba. Lakini mashua si yangu wala si yako bado, na nisingependa kumfanyia mwenyewe jambo nyuma ya mgongo wake. Nikifanya hivyo nitaota rula.

Gil Furtado

*

Dayton, Ohio
8 Machi 1995

Gilberto,

Kwanza nilikasirika. Siku ya pili nilikasirika zaidi, kwa sababu nilitafuta kosa katika barua yako ili niirudishe, na sikulipata la maana.

Ni kweli. Miaka mitatu sasa. Lilianza kama kioo cha bafuni chenye mvuke, na sasa ni kama mtu ameanika blanketi mbele ya jicho. Daktari wa macho wa Fall River aliniambia jina lake mwaka juzi: mtoto wa jicho. Nikamwambia nimeshalea mtoto mmoja, yatosha. Hakucheka.

Utauliza kwa nini sikufanya lolote, mimi niliyekutia miwani kwa nguvu. Mama yangu alipasuliwa jicho mwaka thelathini na nane. Walimlaza wiki mbili chali, kichwa kimebanwa kwa mifuko ya mchanga, asikohoe, asicheke. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nilikuwa namlisha kwa kijiko. Mwishowe hakuliona jua hata kidogo kwa jicho lile. Woga wangu una umri mkubwa kuliko Clover.

Na mtoni sikuwa na shida, Gilberto. Mtoni nasafiri kwa shavu na sikio. Upepo siuoni, hakuna anayeuona. Ni gati tu. Gati linanitokea ghafla kama mgeni asiyebisha hodi.

Jumapili asubuhi nilimpa Lydia barua yako aisome. Alikuwa anapika vibibi vya unga wa mahindi, kwa mkono wa Ohio, yaani vinene mno. Alisoma mpaka vikaungua.

"Mama, ulikuwa unatoka peke yako?"

"Ndiyo."

"Huoni?"

"Naona kushoto vizuri sana."

"Na mimi nimemwandikia Bwana Furtado apake rangi ili niiuze."

"Na mimi nimemwandikia apake jelkoti ili usijue nitakapoigonga."

Tukatazamana, yeye kwa macho mawili, mimi kwa moja na nusu. Kisha akaanza kucheka, na kisha si kucheka. Nikamshika kichwa kama alipokuwa mdogo. Nilikuwa nimesahau kwamba nyweleni ana kovu dogo la kugongwa na mti wa tanga. Alikuwa na miaka sita, Horace ndiye aliyekuwa usukanini. Kama unaandika orodha ya viraka, weka na hicho.

Anasema siku hizi wanakupasua asubuhi na jioni uko nyumbani. Sikuamini. Amenipeleka kwa daktari, msichana mdogo, pengine ana miaka thelathini, aliyezungumza nami kama mtu mwenye akili. Upasuaji ni Jumatano, tarehe kumi na tano.

Sasa sikiliza maagizo. Jicho likifunguka, jelkoti. Lisipofunguka, paka rangi, ing'ae, mwuze kwa mtu mwenye watoto, na usiniletee picha.

Marcia Peckham

*

Dayton
19 Machi 1995

Bwana Furtado,

Bandeji ilitoka Alhamisi. Mama aliangalia jikoni kwangu kote, pembe kwa pembe. Nikashika meza. Kisha akasema, "Lydia, mapazia haya umeyafua lini?"

Anasema: jelkoti.

Nami nakubali, kwa masharti. Jaketi la kuokolea maisha, kila mara. Hatoki peke yake kabla ya Agosti. Mwezi wa Juni nitakuja mwenyewe kukaa naye wiki tatu, na nitapanda naye, ingawa sijashika usukani tangu nilipoolewa na mtu wa nchi kavu.

Samahani kwa kukuweka katikati. Na asante kwa lile swali la ajabu.

Lydia

*

Tiverton
7 Mei 1995

Mwalimu Peckham,

Amekwisha.

Nilipuliza jelkoti Alhamisi moja ya joto, tabaka nne, bila kusimama, Natália akinishikia taa na kunitukana kwa Kireno ili nisilegee. Ilitoka na vipele kama nilivyokuahidi. Siku tisa nimeisugua: msasa mkali, wa kati, laini, wa maji, kisha mashine ya kung'arishia. Bega langu la kulia limejiuzulu. Lakini jana jioni nilifungua mlango wa banda, mwanga wa mto ukaingia, na nikamwona mtu mnene ubavuni mwa Clover, waziwazi kabisa, mpaka nikamsalimia. Ilikuwa mimi.

Sijisifu mara nyingi, huwa sina sababu. Hii najisifu. Katika miaka ishirini na tisa ya kazi hii sijatoa ubavu kama huu, na Manny aliyekuja kutafuta kosa ameondoka bila hata kusema kwaheri, ambayo kwa Manny ni medali.

Viraka vyote kumi na kimoja vimekwenda na vumbi. Nilifikiri kukuachia kimoja kwa ukumbusho, kisha nikakumbuka kwamba hukuwahi kuacha kosa la mtu ubaoni baada ya kulirekebisha. Ulilifuta.

Ndani ya sanduku la kiti cha nyuma nimeweka kopo dogo la jelkoti hii hii, nyeupe niliyoichanganya kwa mkono, na chupa ya dawa ya kugandisha. Matone kumi na mawili kwa kijiko cha mezani. Sikuweka plastiki. Najua una mkate.

Tunamshusha majini Jumamosi tarehe tatu Juni. Natália anapika supu ya sukuma wiki na soseji, kwa sufuria ile ya harusi yetu. Njoo na njaa.

Gilberto

*

Chini ya mlango wa yadi
13 Juni 1995

Gilberto,

Lydia ataipitisha karatasi hii chini ya mlango wako, maana bado umelala na sisi tumeamka tangu saa kumi na moja.

Jana tulitoka na upepo mzuri wa kusini, tukafika mpaka mto unapoingia baharini, nikaona boya la kijani kwa jicho la kulia kabla Lydia hajaliona kwa yote mawili. Sikumwambia. Nilisubiri mpaka aliponiuliza, "Mama, lile boya liko wapi?" Ndipo nikamwonyesha.

Kurudi, tukagonga gati. Sauti ilisikika hadi kwa majirani, kina Almy, wakatoka na vikombe vyao kutazama.

Ni ubavu wa kushoto. Usukani aliushika Lydia.

Alikaa chini akajifunika uso. "Mama, kazi yote ya Bwana Furtado. Siku ya tisa tu." Nikamwambia, "Amka alfajiri." Na leo alfajiri nilimfundisha. Kukwangua, kuosha, matone kumi na mawili, kupaka juu kidogo ya usawa, kufunika. Ana subira, amemfuata mama yake. Alipokuwa anabana plastiki kwa vidole aliniuliza, "Baba alijua kwamba ulikuwa ukiziba?" Nikasema baba yake alikuwa anakula mkate uliokauka kila baada ya miaka michache kwa miaka ishirini na tano, na hakuwahi kuuliza mfuko umekwenda wapi.

Pitia mchana ukitafute kiraka. Leta taa yako, ilaze ubavuni kama unavyojua. Ukikipata chini ya dakika tano, Lydia atakaa nyuma ya darasa. Ukikikosa, anza kumtafutia kazi. Shemeji yako atatusamehe.

Marcia Peckham

Barua yako ya Mei: alama tisa kwa kumi. Moja nimeiondoa kwa kujisifu, na ningekupa zote kumi kama ungejisifu kwa mwandiko unaosomeka.